Petroli na Umeme: Historia ya Kuchomoka, Kutoka 1899 Hadi Njia Panda ya Katito

Leo tunaiacha misimbo kidogo tuongee magari. Swali ni moja, na ukikaa Katito kwa muda utalisikia kwa vijana wa boda, kwa makondakta wanaoita abiria wa Kendu Bay na Homa Bay, hata kwa wazee: je, SUV ya umeme inaweza kuchomoka ikaiacha ya petroli? Wengi hujibu kabla swali halijaisha. Kuna wanaocheka, wakisema gari lisilo na mngurumo ni mchezo wa watoto. Kuna wengine wameona video mbili tatu kwenye simu na sasa wanaapa kwamba petroli imekwisha kazi. Pande zote mbili huongea kana kwamba ubishi huu ulianza juzi. Ubishi huu una zaidi ya miaka 120, na ukiufuata kuanzia mwanzo utapata jibu ambalo halilingani na la upande wowote.

Niseme hoja yangu mapema ili tusipoteane njiani. Mota ya umeme haijawahi kuwa mzembe. Kilichoirudisha nyuma miaka yote hiyo ni betri. Tena sisi wa huku ziwani, tunaoishi zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, tuna sababu zetu wenyewe za kuzihesabu upya namba ambazo wauzaji huandika kwenye makaratasi yao.

Namba yenyewe inatoka wapi?

Kamusi huita jambo hili mchapuko. Mtaani tunasema kuchomoka. Kipimo kinachotumika sana ni muda ambao gari linachukua kutoka kusimama kabisa hadi kilomita 100 kwa saa. Waingereza na Wamarekani hupima hadi maili 60 kwa saa, ambayo ni kama kilomita 97. Kwa hiyo ukiona sekunde za Marekani na sekunde za Ulaya au Asia, usizilinganishe moja kwa moja. Za Marekani zina faida ndogo.

Sisi watengenezaji wa programu tuna utani wetu. Mteja akilalamika kwamba programu imekwama, tunajibu: "Kwangu inafanya kazi." Ni kweli, kwangu inafanya kazi, kwa sababu kompyuta yangu ni mpya na intaneti yangu ni ya kasi. Namba ya sifuri hadi 100 ni hivyo hivyo. Mara nyingi hupimwa kwenye lami kavu iliyonyooka, gari likiwa jipya na mzigo mdogo, mahali pa chini karibu na usawa wa bahari. Hapo kwao inafanya kazi. Swali letu ni kama inafanya kazi kwenye barabara ya Ahero kwenda Sondu, ndani kukiwa na watu watano na gunia la mchele.

Umeme ulitangulia

Tarehe 29 Aprili 1899, huko Achères karibu na Paris, Mbelgiji mmoja aitwaye Camille Jenatzy aliingia kwenye gari lenye umbo la risasi lililoitwa La Jamais Contente. Alifikia kilomita 105.88 kwa saa, na hilo likawa gari la kwanza la barabarani duniani kuvuka kilomita 100 kwa saa. Halikuwa la petroli. Lilikuwa la umeme.

Tujiulize wakati huo huku kwetu kulikuwa na nini. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa ikifika Nairobi mwaka ule ule wa 1899, na haikugusa ziwa hapa Kisumu, wakati huo Port Florence, hadi Desemba 1901. Kwa maneno mengine, gari la umeme lilivuka 100 kabla treni haijafika Kisumu. Kwa hiyo mtu akikuambia gari la umeme ni kitu kipya cha Wachina, mwambie arudi darasani.

Basi kama lilianza mbele, lilishindwaje? Chukua kilo moja ya petroli. Ukiichoma yote inakupa nishati ya kama wati-saa 12,000. Kilo moja ya betri ya risasi na asidi, kama ile iliyo kwenye gari lako sasa hivi, hukupa wati-saa 30 hivi. Ni tofauti ya mara 400! Hata ukikumbuka kwamba injini ya petroli hupoteza kama robo tatu ya nishati hiyo kwa joto na kelele, bado petroli inabaki mbele mara 100. Jenatzy alihitaji mbio fupi tu. Mwenye gari wa kawaida alitaka kwenda mbali na kurudi.

Kisha likaja pigo la pili, nalo lina kejeli ndani yake. Kuwasha injini ya petroli zamani ilikuwa kazi ya hendeli. Unazungusha kwa mkono, na ikirudi nyuma inaweza kukuvunja mkono. Hiyo ilikuwa sababu moja ya watu wa mjini kupendelea umeme. Mwaka 1912 Cadillac ikauza magari yenye stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering. Mota ndogo ya umeme ikaondoa shida kubwa ya petroli, na gari la umeme likabaki bila wateja. Mota ilimuua ndugu yake.

Kutoka hapo dunia nzima ilijijenga kwa mafuta, na sisi pia. Mafuta yalikuja kwa reli, baadaye kwa malori, na bomba la mafuta likafika Kisumu mwaka 1994. Kumbuka mwaka huo wakati mwingine mtu akilalamika kwamba vituo vya kuchaji havijatapakaa. Petroli nayo ilichukua miongo mingi kutufikia vizuri.

SUV hazikuzaliwa kwa mbio

Land Rover ya kwanza ilitoka mwaka 1948 ikiwa na injini ya petroli ya lita 1.6 na nguvu za farasi 50 hivi. Kwa gari lile swali la sifuri hadi 100 halikuwa na maana. Kazi yake ilikuwa kupita kwenye matope, kuvuta, na kubeba. Hapa Kenya ilikuwa gari la serikali, la polisi, la mashamba. Range Rover ya 1970 ndiyo iliyoanza kuchanganya mambo: injini ya V8 ya lita 3.5, viti vya starehe, na bado inapita porini. Hata hivyo ilihitaji zaidi ya sekunde 12 kufika maili 60 kwa saa. Leo gari dogo la familia linaweza kufanya hivyo.

Kwa hiyo mapenzi yetu ya kasi hayakutokana na magari makubwa. Yalitokana na Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953. Magari yaliyoabudiwa yalikuwa ya chini: Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho hapo juu tu, alishinda 1965 kwa Volvo, halafu 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Watu walijifunza kusikiliza injini. Mngurumo ukawa ndio ushahidi wa nguvu, na nadhani hiyo ndiyo sababu mpaka leo gari lisilo na sauti linadharauliwa huku kwetu hata kabla halijaondoka.

Miaka ya 1990 ndipo watengenezaji walipoanza kuweka injini za hasira kwenye magari marefu. Marekani kulikuwa na GMC Typhoon, iliyouzwa kuanzia 1991, ambayo ilipimwa ikifika maili 60 kwa sekunde 5.3. Japani ikaleta Subaru Forester mwaka 1997, yenye injini ya turbo ya lita 2, na hiyo ndiyo vijana wa Kenya waliifanya kama dini. Mwaka 2002 Porsche ikatoa Cayenne Turbo: farasi 450, sifuri hadi 100 kwa sekunde 5.6. Petroli ilikuwa imefika kileleni, na umeme haukuonekana hata kwenye kioo cha nyuma.

RAV4 mbili, jina moja

Sasa nije kwenye mfano ninaoupenda kuliko yote. Ukitaka kulinganisha petroli na umeme kwa haki, tafuta gari lenye jina lile lile. Toyota RAV4 unaijua. Ziko Katito, Sondu, Oyugis, kila mahali. Lakini wengi hawajui kwamba Toyota iliunda RAV4 ya umeme mwaka 1997. Ilikuwa na mota ya kilowati 50 na betri ya nikeli ya kilowati-saa 27 hivi. Zilitengenezwa takriban 1,500 tu, karibu zote zikiwa California, na mpango ukafungwa mwaka 2003.

Ilichukua sekunde kama 18 kufika maili 60 kwa saa. RAV4 ya petroli ya wakati huo ilichukua sekunde kama 10. Yaani ya petroli ilikuwa imefika, imetulia, dereva ameweka redio, ya umeme bado inakuja.

Je, mota ndiyo ilikuwa mbovu? Tupige hesabu. Gari lile lilikuwa na kilo kama 1,560. Nishati ya kulifikisha kilomita 97 kwa saa ni nusu ya uzito ukizidisha kasi mara kasi, kwa mita kwa sekunde. Inatoka kama kilojuli 560. Kilowati moja ni kilojuli moja kila sekunde. Kwa hiyo mota ya kilowati 50, hata kama isingepoteza chochote, ingehitaji sekunde 11 na kitu. Ongeza upepo, tairi na hasara nyingine, sekunde 18 hazishangazi. Na kwa nini waliweka kilowati 50 tu? Kwa sababu betri za wakati huo zilikuwa nzito na zilipata taabu kutoa umeme mwingi kwa mara moja. Kuweka mota kubwa zaidi kungekuwa kama kufunga bomba la inchi nne kwenye tangi lenye tundu la inchi moja.

Mwaka 2012 Toyota ikarudi na RAV4 ya umeme ya pili, safari hii mitambo ya umeme ikitoka kwa Tesla. Betri ilikuwa ya lithiamu, kilowati-saa 41.8. Mota ilikuwa ya kilowati 115. Kwenye hali yake ya mbio ilifika maili 60 kwa sekunde 7. Kutoka 18 hadi 7, jina lile lile la gari, miaka 15 tu! RAV4 ya petroli yenye injini kubwa ya V6 bado iliishinda kidogo, lakini ile ya kawaida ya silinda nne iliachwa.

Kanuni ya mota haikubadilika katika miaka hiyo 15. Mota ya mkondo geu ambayo Nikola Tesla alipewa hataza yake mwaka 1888 ingetambulika kwa fundi wa 2012. Kilichobadilika ni betri ya lithiamu, iliyoanza kuuzwa na Sony mwaka 1991 kwa ajili ya kamera za video, pamoja na vifaa vya elektroniki vinavyosimamia umeme wenyewe. Simu na laptopu zetu ndizo zilizolipa karo ya shule ya betri hii.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 2015 Tesla Model X, gari la zaidi ya tani 2.3 lenye viti hadi saba, ilitangazwa kufika maili 60 kwa sekunde 3.2 kwenye toleo lake la juu. Mwaka 2018 Jaguar I-Pace ikaja na sekunde 4.8 hadi kilomita 100. Na kwa watu wa kawaida zaidi, BYD Atto 3 ya Kichina, ambayo imeingia pia soko la Kenya, inatajwa kuwa na kilowati 150 na sekunde 7.3. Usiitazame hiyo kama gari la mbio. Itazame kama gari la familia linalofanya kile ambacho zamani ulilipia turbo.

Kwa nini inachomoka hivyo?

Injini ya petroli haiwezi kuanza kazi ikiwa imesimama. Lazima izunguke mara 700 au 800 kwa dakika ndipo ipumue tu, na nguvu yake nzuri ya kusokota iko juu zaidi, kwenye maelfu. Ndiyo maana kuna klachi na giaboksi: kazi yao ni kuificha aibu hiyo. Ukikanyaga mafuta ghafla, giaboksi inashusha gia, hewa inaingia, turbo kama ipo inasubiri moshi uizungushe, ndipo gari linaruka. Mota ya umeme inatoa nguvu yake yote ya kusokota tangu ikiwa imesimama. Nyingi hazina gia za kubadilisha kabisa.

Kwa lugha ya kazi yangu, petroli inaweza kuwa na uwezo mkubwa lakini inachelewa kujibu. Umeme unajibu papo hapo. Kompyuta ya mota hurekebisha mkondo maelfu ya mara kila sekunde, ikitazama tairi lisiteleze.

Hapo ndipo historia ilipochukua kona ambayo Jenatzy asingeiota. Mwaka 2020 Tesla iliwauzia wenye Model Y programu ya dola 2,000. Ukilipa, gari lako lile lile, bila fundi kulifungua boneti, linatoka sekunde 4.8 kwenda 4.3. Mwaka 2022 Mercedes-Benz ikatangaza Marekani kwamba baadhi ya magari yake ya umeme yataongezewa mchapuko kwa dola 1,200 kwa mwaka. Maana yake nguvu ilikuwa ndani ya gari tayari, imefungiwa na mistari ya msimbo. Mimi naishi kwa kuandika msimbo, na hata mimi hili linanikera. Fundi wa Katito anaweza kufungua injini ya Forester na kuona kila kitu. Hataweza kufungua leseni.

Hewa ya huku kwetu

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo makaratasi ya wauzaji yanapotuacha. Injini ya petroli inapumua. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi, oksijeni inapungua, na nguvu inapungua nayo. Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,135 juu ya bahari. Nimepiga hesabu kwa kanuni ya kawaida ya angahewa: kwenye mwinuko huo hewa ni kama asilimia 90 ya ile ya Mombasa. Nairobi, kwenye mita 1,700, ni kama 85. Ukipita kwenye mita 2,700, kule juu upande wa Timboroa, ni kama 77.

Kwa hiyo chukua SUV ya petroli isiyo na turbo, yenye kilowati 110 kwenye karatasi. Kisumu unaendesha gari la kilowati 98 au 99. Nairobi 93. Kule Timboroa 84 hivi, na bado umelipia 110. Hii nadhani ni sababu moja ya turbo kupendwa sana Kenya: turbo husukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, hivyo haiumizwi sana na mwinuko. Mota ya umeme haipumui kabisa. Kilowati 150 za Mombasa ni kilowati 150 za Katito na za Timboroa. Sijaona hata muuzaji mmoja akilitangaza hili, na kwetu lina uzito kuliko sekunde zote za California.

Ovateki ya Sondu

Nani huondoka kutoka sifuri hadi 100 kwa fujo Katito? Labda kichaa. Kipimo chenye maana kwetu ni kutoka 60 hadi 100, yaani muda unaokuwa upande usio wako ukilipita lori. Barabara yetu ni ya njia moja kwenda na moja kurudi, ina malori, ina boda zisizo na taa, na ukitoka uwandani kupanda kuelekea Sondu inajipinda.

Chukua gari la petroli la kilo 1,600, ambalo kwa mwinuko wetu na baada ya hasara zote linapata wastani wa kilowati 60 za kuongeza kasi. Kutoka 60 hadi 100 linahitaji kilojuli 395 hivi. Ni sekunde 6.6. Chukua la umeme lenye kilo 1,750 na wastani wa kilowati 110. Linahitaji kilojuli 432, maana ni zito zaidi, lakini linamaliza kwa sekunde 3.9. Tofauti ni sekunde 2.7. Gari linalokuja mbele yako kwa kilomita 80 kwa saa hula kama mita 60 katika muda huo. Mita 60 ndiyo tofauti kati ya kurudi upande wako na kuwa habari kwenye redio.

Hapa naomba tusidanganyane. Mita hizo 60 ni zako tu kama ungeovateki mahali pale pale ambapo ungeovateki na gari la petroli. Dereva akianza kusema "hili linachomoka, nitawahi" na kuingia kwenye pengo dogo zaidi, amezirudisha zote. Tena gari la umeme ni zito, na uzito huo utaukuta kwenye breki.

Petroli bado inashinda wapi?

Mota hutegemea betri mpaka leo. Betri ikikaribia kuisha, au ikipata joto baada ya kukimbizwa sana, kompyuta hupunguza nguvu. Tangi la petroli likiwa robo, gari linachomoka vile vile. Betri ya kilowati-saa 60 ukiichaji kwa soketi ya kawaida ya nyumbani, kilowati 3 hivi, ni saa 20, na hapo stima isipotee. Petroli ni dakika tano.

Halafu kuna sheria yetu ya miaka minane. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lenye zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na sehemu kubwa ya magari yetu ni mitumba ya Japani. Maana yake sisi huendesha historia: kinachosifiwa Tokyo leo, Katito tutakiona baada ya miaka saba hivi. Kwa injini ya petroli hilo si tatizo kubwa; fundi mzuri anairudisha karibu na ilivyokuwa. Betri iliyochoka haipigwi ringi. Inapunguza umbali, na ikichoka sana hupunguza hata kuchomoka kwenyewe. Kwa hiyo anayenunua SUV ya umeme ya mtumba aulize afya ya betri kwanza, kabla ya rangi, kabla ya viti, kabla ya sekunde.

Kuna njia ya tatu. Kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2017 na kujiita Roam tangu 2022, ilichukua Land Cruiser za watalii ikatoa injini na kuweka mota na betri. Kiwanda cha Thika kilichoanza kama Leyland Kenya mwaka 1974, kilichokuwa kikiunganisha Land Rover, siku hizi kinaunganisha mabasi ya umeme ya BasiGo. Mwaka 2023 serikali iliweka bei maalum ya umeme wa kuchaji magari: shilingi 16 kwa kilowati-saa, na 8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Hivi ndivyo historia inavyohamia huku, kupitia viwanda na bei za stima.

Na stima yenyewe haitoki mbali. Hapo jirani na Katito kuna Sondu Miriu, mtambo wa megawati 60 unaopitisha maji ya mto kwenye handaki la kilomita sita hivi na kuyaangusha kwenye mitambo miwili. Jenereta ya pale na mota ya gari ni mashine moja. Ile huzungushwa na maji itoe umeme, hii hupewa umeme izunguke. Mtambo ule ukifanya kazi kwa nguvu zote kwa saa moja, ni umeme wa kujaza betri 1,000 za kilowati-saa 60, ukiacha hasara za njiani. Petroli yetu hupanda meli, ikapita bahari, ikasukumwa kwenye bomba kutoka Mombasa. Umeme tunautengeneza tukiusikia.

Kwa hiyo jamaa wa njia panda wakiniuliza, ninajibu hivi. Gari jipya kwa gari jipya la daraja moja, kwa mwinuko wetu, la umeme litachomoka mbele ya la petroli lisilo na turbo, na mara nyingi hata mbele ya lenye turbo. Mtumba kwa mtumba, uliza betri. Na kama gari linauzwa na sekunde zake zimefungwa kwenye programu, uliza pia nani ana ufunguo.

Hesabu zangu ziko wazi hapo juu. Mwenye kuona nimezidisha vibaya alete kalamu tusahihishane. Wiki ijayo tunarudi kwenye misimbo.